Safari ya Lambeth

Mtu asafiripo peke yake hujichukua nafsi yake na mzigo wake tu. Asafiripo na mkewe na wanawe huwa amehamisha nyumba. Historia ya mikutano mikubwa ya makanisa imeandikwa mara nyingi kana kwamba waliohudhuria walikuwa watu wasio na jamaa: huhesabiwa maaskofu, hutajwa maazimio, kisha kitabu hufungwa. Katika insha hii nataka kuitazama mikutano hiyo kwa upande wa jamaa, yaani kwa upande wa watu waliosafirishwa, watu walioachwa nyumbani, na watu ambao hawakupanda merikebu wala eropleni maisha yao yote, lakini ndio waliokuwa wakisemwa. Mkutano niliouchagua ni ule wa maaskofu wa Kianglikana uitwao Mkutano wa Lambeth.

Hapana budi kwanza tujue Lambeth ni nini. Ni jina la mtaa wa London, kusini ya mto Thames, mkabala wa majumba ya Bunge. Hapo pana kasri ya kale iliyo makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Tangu mwaka 1867 Askofu Mkuu huyo amekuwa akiwaita maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima wakutane, aghalabu mara moja katika kila miaka kumi. Vita na maradhi vimepata kuuahirisha: mkutano uliopasa kufanywa 1918 ulifanywa 1920, ule wa 1940 ukangoja hata 1948, na ule wa 2020 ukafanywa 2022 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mkutano huu si bunge. Hauwezi kumlazimisha askofu ye yote, na maazimio yake ni ushauri tu. Lakini ushauri wa wakubwa, kama ajuavyo kila mtoto aliyelelewa kwetu, haupishani sana na amri.

Mwaka ule wa 1867 Mfereji wa Suez ulikuwa ungali ukichimbwa. Ulifunguliwa Novemba 1869. Askofu aliyetoka kusini ya Afrika alipita bahari ya magharibi wiki baada ya wiki, na Askofu George Augustus Selwyn, aliyetoka New Zealand, alisafiri safari iliyohesabiwa kwa miezi. Mtu hafungi safari ya namna hiyo kwa ajili ya mkutano wa siku nne. Na mkutano wa kwanza ulikuwa wa siku nne tu, tangu 24 mpaka 27 Septemba. Kwa hiyo askofu wa mbali aliunganisha mambo mengi katika safari moja. Alichukua likizo yake, akazunguka makanisa ya Uingereza akihubiri na kuomba fedha za misheni, akatafuta mapadre na walimu wa kurudi nao, na kama alikuwa na watoto waliofikia umri wa shule aliwaacha huko kwa ndugu au katika shule ya bweni. Hapo ndipo safari ya jamaa ilipogeuka kuwa kuagana. Merikebu iliyokwenda na watoto ilirudi bila ya watoto, na mama aliyerudi Afrika au Bara Hindi aliweza kukaa miaka mingi akiwajua wanawe kwa barua tu. Selwyn mwenyewe alikwenda kama mgeni, akakamatwa na wenyeji: aliombwa awe Askofu wa Lichfield, na alipokubali ilimbidi avuke bahari mara ya pili mwaka 1868 ili akawaage watu wa New Zealand.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukuwa na askofu wakati huo, lakini tulikuwa tumekwisha kuonja habari ya jamaa kusafiri kwa ajili ya dini. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, naye alikuwa mja mzito. Haikupita hata miezi mitatu, mke akafa kwa homa mwezi Julai, na kitoto chake kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Msomaji apitaye huko leo kwa gari hupita karibu na kaburi lile pasipo kujua. Nimelitaja kwa kuwa watu hupenda kusema kwamba wazungu wa zamani walisafiri na jamaa zao kwa anasa; wengine walisafiri nao mpaka kaburini.

Sasa natuulize sababu iliyowafanya maaskofu waitwe mwaka 1867. Ombi lenyewe lilitoka kwa maaskofu wa Kanada mwaka 1865, lakini moto uliokuwa ukifuka chini yake uliwashwa Natal. Askofu wa Natal alikuwa John William Colenso, mtu wa hesabu aliyepata kuandika vitabu vya hesabu vilivyotumiwa katika shule za Uingereza. Alihamia Natal mwaka 1855 pamoja na mkewe Frances na watoto wao wadogo, akajenga misheni karibu na Pietermaritzburg akaiita Ekukhanyeni, maana yake mahali penye nuru. Alijifunza Kizulu akakitungia sarufi na kamusi. Wazulu walimpa jina la Sobantu, yaani baba wa watu, na watu hawatoi jina kama hilo kwa kila mgeni.

Kosa la Colenso, kwa maneno ya waliomshitaki, lilikuwa kuandika kwamba vitabu vitano vya Musa si historia iliyo sahihi kwa kila neno na kila hesabu. Maswali hayo hakuyaanza peke yake. Alipokuwa akifasiri habari za Gharika pamoja na msaidizi wake Mzulu, William Ngidi, aliulizwa swali la mtu mwenye akili timamu afugaye wanyama: je, mambo haya yote yalikuwa kweli hivyo? Kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1862, naye alikuwa amekwenda Uingereza pamoja na jamaa yake. Mwaka 1863 mkubwa wake, Askofu Robert Gray wa Cape Town, alimhukumu kwa uzushi na kumwondoa katika kiti chake. Colenso akapeleka shauri mbele ya Baraza la Siri la Malkia, na mwaka 1865 Baraza likasema kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Basi Natal ikawa na askofu aliyetengwa na kanisa lakini akatambuliwa na serikali. Fujo hiyo ndiyo iliyowafanya maaskofu wa makoloni waone haja ya kukaa pamoja na kuulizana ni nani aliye na mamlaka gani.

Askofu Mkuu Charles Longley aliwaalika maaskofu 144. Walifika 76. Askofu Mkuu wa York alikataa kuhudhuria, na wengine wa kaskazini ya Uingereza wakafuata mfano wake. Mkuu wa Kanisa la Westminster, Arthur Stanley, alikataa kulitoa kanisa lake lifanyiwe ibada ya kufunga mkutano. Colenso hakualikwa. Longley alikuwa ameahidi kwamba jambo la Natal halitajadiliwa. Nalo likajadiliwa, kwa sababu Gray hakusafiri kutoka Cape Town ili aje anyamaze.

Lakini kuna jambo moja la Colenso ambalo vitabu vingi hulipitia mbio, nalo kwa maoni yangu ndilo lililo kubwa kwa historia ya Afrika. Mara tu alipofika Natal alikuta desturi ya misheni juu ya mtu mwenye wake wengi anayetaka kubatizwa. Desturi hiyo ilimtaka mtu huyo achague mke mmoja na kuwaacha waliobaki. Colenso akaandika tangu mwaka 1855 kwamba desturi hiyo ni ya kikatili. Hakusema kwamba mitala ni njema. Alitumaini kwamba itakwisha kwa kizazi kimoja au viwili. Alisema tu kwamba mtu aliyeoa kwa sheria ya nchi yake, kabla hajasikia habari za Kristo, asilazimishwe kuwafukuza wanawake ambao amewaahidi ulinzi.

Tutafakari maana ya kufukuzwa huko, maana vijana wa leo waweza kudhani ni jambo la karatasi. Mke wa pili au wa tatu alikuwa na nyumba yake, ghala yake na shamba lake katika mji wa mumewe. Mahari yake yalikuwa yamekwisha kutolewa kwa baba yake, na aghalabu ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kutumiwa kumwolea kaka yake mke. Akirudishwa kwao, ng'ombe watadaiwa; na wakidaiwa, ndoa ya kaka nayo yatikisika. Watoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo mama arudi peke yake au arudi na watoto wasio na shamba la kurithi. Yeye mwenyewe hakufanya kosa lo lote. Pengine alikuwa amekwisha kuamini kabla ya mumewe. Na kila mara mume alipoambiwa achague mmoja, aliwekewa mlango wazi wa kumchagua aliye kijana na kumwacha aliye mzee. Hiyo ndiyo habari iliyowekwa mbele ya maaskofu, na wengi wao walikuwa wameacha nyumbani au hotelini mke mmoja na watoto wasiotishwa na mtu.

Mkutano wa 1867 haukuamua neno juu ya mitala. Neno liliamuliwa mwaka 1888, katika mkutano wa tatu, walipokutana maaskofu 145. Colenso alikuwa amekufa tangu 1883. Wakati ule meli za moshi na Mfereji wa Suez vilikuwa vimeipunguza dunia, na misheni zilikuwa zimeenea. Kiti cha askofu wa Afrika ya Mashariki iliyo chini ya Ikweta kilikuwa wazi. James Hannington aliuawa Busoga mwaka 1885, naye alikuwa amemwacha mkewe na watoto Uingereza. Na aliyemfuata, Henry Parker, alikufa kusini ya ziwa Victoria mwezi wa Machi 1888, miezi michache tu kabla ya mkutano.

Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Samuel Ajayi Crowther, Askofu wa nchi za mto Niger, Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 1864 katika kanisa kuu la Canterbury. Habari za jamaa ya Crowther zingetosha kuwa kitabu kizima. Alitekwa na wauza watumwa katika nchi ya Wayoruba mwaka 1821 akiwa kijana, akatenganishwa na mama yake, akauzwa mara kadhaa, akatiwa katika merikebu ya Kireno, akaokolewa na manowari ya Kiingereza mwaka 1822 na kushushwa Freetown. Huko alisoma shule pamoja na msichana aliyeokolewa kama yeye, naye akawa mkewe. Mwaka 1846, baada ya miaka ishirini na mitano, alikutana tena na mama yake Abeokuta; kisha akambatiza kwa mkono wake mwenyewe. Ni nani katika chumba kile aliyejua kuliko yeye jinsi jamaa inavyovunjwa?

Hata hivyo Crowther hakuwa upande wa Colenso. Alikuwa mkali juu ya mitala, akaamini kwamba kanisa likilegea hapo litalegea po pote. Natoa habari hii kwa makusudi, kwa kuwa tumezoea kuligawa jambo hili kana kwamba Waafrika wote walikuwa upande mmoja na wazungu wote upande wa pili. Mzungu wa Natal alitetea nyumba ya Mzulu. Mwafrika wa Niger alikataa mitala kabisa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Azimio la 1888 likawa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mtu mwenye wake wengi asibatizwe, bali afundishwe na kungoja mpaka atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Ilipita kwa kura 83 dhidi ya 21. Ya pili ilisema kwamba wake wa mtu huyo wanaweza kubatizwa katika hali fulani, kwa kadiri watakavyoamua wakuu wa kanisa la mahali. Nayo ilipita kwa shida, kura 54 dhidi ya 34. Fikra ya sehemu hii ya pili ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1857 na Henry Venn, katibu wa chama cha misheni cha CMS: kwamba mwanamke ameingia katika mitala bila ya hiari yake, basi asiadhibiwe kwa jambo asilolitaka. Ni fikra yenye huruma, lakini itazame vizuri. Mke aliingia kanisani, mume akabaki mlangoni; na kama mume akitaka kuingia, mmoja wa wanawake wale waliokwisha kubatizwa hana budi kutoka nyumbani.

Katika hesabu ya kura hizo hapana kura hata moja ya mwanamke. Wake wa maaskofu walikuwako London, wakialikwa karamu na kutazama bustani za kasri, na kwa kweli wengi wao walijua mambo ya nyumba za Afrika na Asia kuliko waume zao, kwa kuwa ndio waliofundisha wanawake kushona na kusoma, na ndio walioitwa usiku mtoto alipougua. Lakini mlango wa maktaba ya Lambeth ulikuwa umefungwa. Na mke wa pili wa mtu wa Natal au wa Abeokuta alikuwa mbali zaidi na mlango huo kuliko wote.

Azimio lile lilidumu kuwa mwongozo kwa miaka mia moja. Maaskofu wakaja na kwenda. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, mtu asiyeoa, alikwenda Lambeth wakati wengi walimwogopa. Mwaka 1913 alikuwa amewashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa sababu ya mkutano wa misheni uliofanywa Kikuyu, akidhani wameuza imani ya kanisa. Ajabu ni kwamba mtu huyo mgomvi alikuwa mmoja wa walioisaidia mno barua ya mwaka 1920 ya kuwaita Wakristo wote kwenye umoja. Lakini habari za Kikuyu ni ndefu, nazo zataka insha yake peke yake.

Jambo lililobadilisha safari za jamaa kuliko yote ni eropleni. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, iitwayo Comet, ilianza kazi kutoka London kwenda Johannesburg, ikatua njiani Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari ambayo babu za abiria wale walihesabu kwa wiki ikawa sasa ya muda usiotimia siku moja. Haikuwa lazima tena kumwacha mke mwaka mzima, wala kuwahamisha watoto kwa ajili ya mkutano wa mwezi mmoja. Walakini palizuka tatizo jipya, nalo ni fedha. Merikebu ilikula wakati; ndege ilikula mfuko. Askofu wa dayosisi maskini, ambayo waumini wake walitoa sadaka ya mahindi na mayai, hakuweza kununua tikiti mbili za Ulaya, na pasipo msaada wa makanisa yenye mali hata tikiti moja ilikuwa shida.

Idadi ya maaskofu ilipokua, kasri ya Lambeth haikuwatosha tena. Mwaka 1968 walikutana katika jumba la kanisa huko Westminster, na tangu 1978 wamekutana katika Chuo Kikuu cha Kent, juu ya kilima kinachotazama mji wa Canterbury. Jina la Lambeth limebaki, ingawa mkutano umehama. Ni kama mtu anayeitwa kwa jina la kijiji alichokiacha zamani. Katika chuo hicho maaskofu hulala katika vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo na kula pamoja katika majumba ya chakula. Kwa mikutano iliyofuata wake wa maaskofu walialikwa pia, wakawekewa mkutano wao wa kando. Hapo mke wa askofu wa Kenya aliweza kuketi meza moja na mke wa askofu wa Japani au wa Brazili, wakaulizana habari za ukame, za vita, za vijana wasio na kazi. Kisha pakatokea jambo ambalo watu wa 1867 wasingeliota. Mwaka 1998, katika maaskofu 749, kumi na mmoja walikuwa wanawake. Basi katika mkutano wa wake waliingia waume, na ikabidi jina libadilishwe liwe mkutano wa wenzi wa ndoa. Kenya yenyewe ilifika hapo mwaka 2021, alipowekwa wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere.

Ugomvi nao haukukoma. Mwaka 2008 maaskofu wengi wa Nigeria, Uganda, Rwanda na Kenya hawakwenda Canterbury. Sababu ilikuwa tena ndoa, safari hii ndoa ya watu wa jinsia moja, na hasa kuwekwa wakfu kwa askofu wa New Hampshire, Marekani, mwaka 2003. Mwezi wa Juni 2008 wengi wao walikusanyika Jerusalem badala yake, na mwaka 2013 mkutano wa namna hiyo ukafanywa Nairobi, katika kanisa kuu la Watakatifu Wote, wakaja watu zaidi ya 1,300. Safari ikawa imegeuka: jamaa za Australia na Uingereza zikashuka Nairobi zikiuliza njia. Wala haikuwa mara ya kwanza, maana Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Nairobi mwaka 1975 katika jumba la mikutano la Kenyatta. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na mwenye hoteli aliitikia kwa moyo safi kuliko wote.

Nimetangulia mbele ya wakati. Natuurudie mwaka 1988, kwa kuwa ndio uliojibu swali la Colenso. Katika mkutano wa 1958 maaskofu walikuwa wamekwisha kukiri kwamba kuleta ndoa ya mke mmoja katika nchi zenye mitala ni mapinduzi ya maisha na ya mali, na kwamba kanisa halijapata dawa yake. Dawa ilitafutwa na Waafrika wenyewe. Katika Kenya, David Gitari, aliyekuwa Askofu wa Mount Kenya East na baadaye Askofu Mkuu, alikuwa ameliandikia jambo hilo kwa muda. Aliwajua wazee waliojenga makanisa kwa mikono yao, wakatoa mawe na mbao, wakaketi humo kila Jumapili kwa miaka thelathini, lakini hawakuruhusiwa kubatizwa kwa sababu ya ndoa walizozifunga ujanani. Wengine walizikwa bila ya padre.

Basi Julai na Agosti 1988 maaskofu 518 walikutana Canterbury, na Gitari akawa miongoni mwa walioitetea hoja hii. Karne moja kamili ilikuwa imepita tangu kura ile ya 83 dhidi ya 21. Azimio la 26 la mkutano huo lilishika kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, kisha likasema kwamba mtu mwenye wake wengi aliyeisikia Injili aweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake walioamini na watoto wake. Likaweka masharti. Mtu huyo aahidi kwamba hataoa tena maadamu mmoja wa wake aliokuwa nao wakati wa kuongoka yu hai. Waumini wa mahali pale wakubali kumpokea. Tena asilazimishwe kumwacha mke wake ye yote, kwa sababu ya dhiki ambayo wanawake hao wangeipata.

Sharti hili la mwisho likisomwa kando ya maandishi ya Colenso ya 1855, huonekana kuwa ni hoja ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii haikuletwa na mzungu mmoja aliyetengwa. Ililetwa na maaskofu wa Afrika waliokaa katika chumba, ambao baadhi yao walikuwa na mama wakubwa na mama wadogo nyumbani kwao, na wake zao walikuwa wakikutana upande wa pili wa uwanja ule ule. Hata hivyo si kila mtu alifurahi. Palikuwa na wanawake Wakristo waliouliza, wala si bila ya haki, kwa nini mume apokelewe na nyumba yake yote ilhali wao walivumilia miaka mingi kumzuia mume asioe wa pili kwa kutumia neno la kanisa. Kwa ajili yao sharti la kutokuoa tena liliwekwa la kwanza.

Mkutano ulipokwisha maaskofu walifunga mizigo. Wengine walipita London kununua viatu vya watoto na vitabu, wakapanda ndege za usiku, na asubuhi wakashuka Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam. Azimio lilikuwa ushauri tu, kama maazimio yote ya Lambeth. Ilibidi kila jimbo lilipokee kwa njia yake, na kila kanisa la kijiji liulizwe kama linakubali. Mara nyingi swali hilo lilipelekwa mbele ya wazee wa kanisa siku ya kazi, baada ya mavuno. Mzee akaitwa, akaketi mbele yao, na wake zake wakaketi nyuma yake kwenye benchi moja, kila mmoja akingoja aulizwe jina lake na jina analotaka kubatizwa nalo.